Damu Ikishatoka Wodini: Watu wa Maabara za Lukemia

Ndugu yako akilazwa kwa saratani ya damu katika hospitali kubwa ya huku Marekani, siku hazitapita nyingi kabla hajaletewa karatasi ya kutia sahihi. Inasema kwamba akitolewa damu au uboho kwa ajili ya vipimo, hospitali inaomba kubakisha kidogo kwa ajili ya utafiti. Wengi wetu husita hapo. Wengine hukimbilia kikundi cha WhatsApp kuuliza kama damu hiyo inauzwa. Si swali la kijinga, na watu weusi wa nchi hii wana historia yao inayowafanya waulize. Ila nimeona tunabishana sana juu ya karatasi bila kujua damu yenyewe inaingia mikononi mwa nani.

Kwanza haikawii, kwa sababu seli zikishatoka mwilini huanza kufa. Ndani ya saa chache imeshafika maabara, na anayeipokea mara nyingi si profesa bali fundi wa maabara, pengine kijana aliyemaliza shahada ya kwanza juzijuzi. Jina la mgonjwa limeshabadilishwa kuwa namba. Kijana huyo humimina damu taratibu juu ya kimiminika kizito, huizungusha kwenye mashine, kisha hutazama: seli nyekundu zimezama chini, maji ya damu yamebaki juu, na katikati pana utando mwembamba mweupe. Utando huo ndio anaoutaka. Huuvuta kwa pipeti bila kutikisa mkono. Sehemu moja ataiotesha kwenye kabati lenye joto la nyuzi 37, sawa na la mwili, na nyingine ataigandisha ndani ya naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri, ambamo inaweza kukaa miaka.

Wapo wengine. Yupo anayeendesha mashine ya leza inayopitisha seli moja moja na kuzihesabu. Yupo mtunza panya, ambaye Krismasi na Idi zinamkuta kazini maana panya hawajui sikukuu. Yupo asiyegusa damu kabisa, anashinda na kompyuta akichambua jeni. Yupo mtafiti aliyepata udaktari wa falsafa majuzi, mara nyingi mgeni mwenye viza ya muda, anayefanya sehemu kubwa ya majaribio. Na juu yao wote yupo mkuu wa maabara, ambaye kutwa anaandika maombi ya fedha.

Habari ya wageni si ya leo. Yellapragada Subbarow alitoka India akafika Boston mwaka 1922, na miongoni mwa kazi zake za mwanzo ilikuwa ya usiku hospitalini, ya kufanya usafi. Harvard haikumpa ajira ya kudumu, akahamia maabara za kampuni ya Lederle. Huko ndiko timu yake ilikotengeneza dawa za kupinga foleti ambazo Sidney Farber, daktari wa Boston, aliwapa watoto wenye lukemia kali mwaka 1947. Mwaka 1948 Farber alitangaza kwamba kati ya watoto 16 aliowatibu, 10 walipata nafuu. Nafuu hiyo ilikuwa ya muda tu, lakini kabla ya hapo hapakuwa na kitu. Subbarow alifariki mwaka huohuo. Farber anajulikana hadi leo. Huyu mwenzake ni Wahindi wanaomkumbuka zaidi.

Ili kuona kazi ya maabara hizi inavyokwenda, nachagua ugonjwa mmoja tu: lukemia sugu ya mailoidi, ile ambayo madaktari huiita CML. Seli nyeupe huongezeka polepole kwa miaka, bandama huvimba, kisha ghafla ugonjwa hugeuka kuwa mkali.

Katikati ya miaka ya 1950, Peter Nowell wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, mjini Philadelphia, alikuwa akiotesha seli za lukemia. Siku moja alizisuuza kwa maji ya bomba. Maji yakaingia ndani ya seli, zikavimba, na kromosomu zikatawanyika zikaonekana moja moja. Nowell hakuwa mtaalamu wa kromosomu. Dunia yenyewe ndiyo kwanza ilikuwa imejua kwamba binadamu ana kromosomu 46, hesabu iliyotangazwa kutoka Lund, Sweden, mwaka 1956. Akamtafuta David Hungerford, mwanafunzi aliyekuwa bado anasomea shahada yake ya juu katika taasisi nyingine ya mji huohuo, hodari wa hadubini na kamera. Ni Hungerford aliyeona kwamba katika seli za wagonjwa wa CML kuna kromosomu moja fupi kuliko inavyotakiwa. Waliitangaza mwaka 1960 kwa maelezo mafupi mno. Leo inaitwa kromosomu ya Philadelphia.

Hapo pana jambo dogo ambalo mimi nalipenda kuliko hata ugunduzi wenyewe. Ili kuondoa seli nyekundu kwenye damu, watafiti wa wakati ule walitumia utomvu uliokamuliwa kutoka maharagwe mekundu. Nowell akagundua kwamba utomvu huo unafanya na kazi nyingine: unazichochea seli nyeupe zigawanyike. Kwa kuwa kromosomu huonekana vizuri seli ikiwa inagawanyika, maharagwe yakawafungulia njia watu wengi waliotaka kuzisoma.

Lakini kwa nini kromosomu hiyo ni fupi? Kipande chake kimekwenda wapi? Jibu lilichukua zaidi ya miaka kumi, na lilitoka mezani kwa mama mmoja wa Chicago. Janet Rowley alikuwa daktari aliyefanya kazi siku chache kwa wiki kwa miaka mingi, kwa sababu alikuwa analea watoto wanne wa kiume. Alipotoka Oxford, ambako mume wake alikuwa na likizo ya utafiti, aliomba Chuo Kikuu cha Chicago kimpe hadubini na mahali pa kukaa, akapewa. Kufikia miaka ya 1970 Wasweden walikuwa wamevumbua njia ya kuzitia kromosomu rangi ya jamii ya kwinakrini, dawa iliyowahi kutumika kutibu malaria, nazo zikaonyesha mistari inayozitofautisha. Rowley alizipiga picha, akazibeba nyumbani, akawa anazikata kwa mkasi na kuzipanga juu ya meza ya kulia. Wanawe walimtania kwamba mama anacheza na wanasesere wa karatasi. Juu ya meza hiyo aliona kwamba kipande hakikupotea: kromosomu ya 9 na ya 22 zimebadilishana ncha. Hayo aliyachapisha mwaka 1973. Wakati ule wengi walidhani kromosomu huharibika kwa sababu ya saratani. Rowley alishikilia kwamba hapa uharibifu ndio chanzo.

Miaka ya 1980 makundi ya Uholanzi na Marekani yalionyesha kinachotokea mahali pale pa kuungana. Jeni mbili zilizokuwa mbalimbali hugandana, zikazaa kimeng'enya kinachoiamuru seli igawanyike bila kikomo. Basi kazi ikawa ni kukizima. Mjini Basel, Uswisi, katika kampuni ya Ciba-Geigy ambayo baadaye ikawa sehemu ya Novartis, mkemia Jürg Zimmermann alitengeneza molekuli baada ya molekuli, Elisabeth Buchdunger na wenzake wakizijaribu kwenye seli, chini ya kundi la Nicholas Lydon. Moja ya molekuli hizo ilipelekwa kwa Brian Druker, daktari aliyehamia Portland, Oregon, mwaka 1993. Akaiweka kwenye seli za wagonjwa. Za CML zilikufa. Za kawaida nyingi zikabaki hai.

Kampuni haikuwa na haraka, maana wagonjwa wa CML ni wachache na soko lilionekana dogo. Majaribio kwa binadamu yalianza Juni 1998. Kati ya wagonjwa 54 waliopewa miligramu 300 au zaidi kwa siku, hesabu ya damu ya 53 ilirudi kuwa ya kawaida. Habari ilipoenea, wagonjwa wenyewe walikusanya maelfu ya sahihi kwenye intaneti mwaka 1999 wakiitaka kampuni izalishe dawa zaidi. Tarehe 10 Mei 2001 Marekani iliidhinisha imatinibu, inayouzwa kwa jina la Glivec. Mwaka 2009 tuzo kubwa ya Lasker ilikwenda kwa Druker, Lydon na Charles Sawyers, aliyeeleza kwa nini dawa hushindwa kwa baadhi ya wagonjwa. Wote walistahili. Lakini Zimmermann, aliyeiunda molekuli yenyewe, hakuwamo, na kwa maoni yangu hilo linaonyesha jinsi tuzo zinavyosoma maabara kuanzia juu kwenda chini.

Tusiwasahau waliotoa damu. Majaribio mengi ya CML duniani hufanywa kwa seli ziitwazo K562, zinazooteshwa bila kukoma tangu miaka ya 1970. Zilitoka kwa mwanamke wa miaka 53 aliyekuwa mahututi kwa ugonjwa huo. Katika makala za kitaalamu anatajwa kwa umri na maradhi tu. Siku hizi mgonjwa ana haki ya kuuliza sampuli yake itatumiwa na nani, kama itauzwa kwa kampuni, na afanyeje akitaka kujitoa. Muulize anayekuletea karatasi. Akishindwa kujibu, mwambie akamwite anayeweza.

Na nyumbani je? Kuanzia mwaka 2002 Novartis na shirika la Max Foundation la Seattle waliendesha mpango wa kutoa Glivec bure katika nchi zenye kipato kidogo, na hospitali za Nairobi na Dar es Salaam zikaingia. Ila hupewi dawa kwa kuvimba bandama tu. Lazima ithibitishwe kwamba ile jeni iliyogandana ipo. Hapa imesaidia mashine ambayo wauguzi wetu wanaijua siku nyingi, GeneXpert, ile ya kupimia kifua kikuu. Ukiiwekea kasha tofauti, inapima CML, na jibu hutoka ndani ya saa chache.

Kipimo hicho kina uzito mwingine siku hizi. Utafiti wa Ufaransa uliochapishwa mwaka 2010 uliwasimamisha dawa wagonjwa 100 ambao kwa miaka miwili au zaidi vipimo vyao havikuonyesha ugonjwa hata chembe. Takribani wanne kati ya kumi walikaa mwaka mzima bila ugonjwa kurudi. Wengine ulirudi, wakarejeshewa dawa, na karibu wote ikawasaidia tena, kwa kuwa mtu wa maabara aliuona mapema. Kwa hiyo mjomba wa Mbeya anayeuliza kama naye anaweza kupumzika na vidonge, swali lake la kwanza si kwa daktari. Ni kama hospitali yake ina kasha la kumpima kila mwezi.