Picha na Msimulizi Wake: Kusoma Majarida ya Vita Darasani

Mwalimu anayetoka Kileleshwa na wanafunzi wake kuelekea Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa jijini Nairobi anaweza kwanza kuwasimamisha katika Barabara ya Kenyatta, mbele ya sanamu za Vita Vikuu vya Kwanza zilizozinduliwa mwaka wa 1928. Askari wa KAR, mwenzake Mwarabu na mpagazi wamesimama pale bila majina. Swali hilo la jina ndilo la kwenda nalo tunapofungua majarida na magazeti ya vita vilivyofuata, vya 1939-1945.

Baraza lilianza kuchapishwa Nairobi mwaka wa 1939. Askari lilikusudiwa wanajeshi, nalo Heshima likawafuata walipopelekwa India na Burma kupigana na Wajapani. (Jina Heshima lenyewe ni hoja: heshima ya nani, machoni pa nani?) Tukiyachukua haya kuwa ushahidi wa kihistoria, kosa la kawaida ni kuiamini picha na kuyasahau maelezo yaliyo chini yake. Maelezo ndiyo msimulizi. Yakisema "askari wetu", nafsi hiyo ya wingi inamjumuisha nani? Mwanajeshi ametajwa kwa jina na kijiji chake, au ni kielelezo tu cha ushujaa? Ni maswali yale yale tunayoiuliza riwaya.

Lipo pia lisiloonyeshwa. Tarehe 12 Februari 1944, meli ya Khedive Ismail iliyotoka Mombasa ikielekea Colombo ilizamishwa na nyambizi ya Japani karibu na Maldives. Walikufa watu wapatao 1,300, wengi wao wakiwa wanajeshi wa Afrika Mashariki. Habari za misiba ya namna hii zilipitia kwanza mikononi mwa wadhibiti. Jarida lililojaa nyuso za tabasamu ni kumbukumbu ya kweli, ila ya kile ambacho jeshi lilitaka jamaa nyumbani wakione.

Linganisha na Utenzi wa Vita vya Uhuru wa Shaaban Robert, uliochapishwa mwaka wa 1967. Anwani yake tu imekwisha kuchagua upande. Kwa maoni yangu, uwazi huo humfaa mhakiki kuliko picha isiyokiri kuwa ina mwandishi.

Zoezi moja limenifaa: funika maelezo ya picha, mwanafunzi aandike yake kwa sauti ya askari aliyemo akimwandikia mamaye, kisha afunue. Dakika 40 za kipindi hazitoshi.