Fundi wa funguo

Fundi wa funguo (huitwa pia mchonga funguo au fundi wa vitasa) ni mtu mwenye ujuzi wa kufunga, kufungua na kurekebisha makufuli na vitasa, pamoja na kuchonga funguo za ziada. Kazi yake inatofautiana na ya mafundi wengine kwa jambo moja: ujuzi unaomwezesha kumsaidia mwenye nyumba ndio uleule ambao mwizi angependa kuwa nao. Kwa hiyo uaminifu ni sehemu ya kazi yenyewe.

Historia

Makufuli ya mbao yenye pini zinazoanguka yalitumika tangu Misri ya Kale. Nchini Uingereza, Joseph Bramah alipata hataza ya kufuli lake mwaka 1784. Baadaye kufuli la aina hiyo liliwekwa dirishani mwa duka lake mjini London, na zawadi ya gini 200 ikaahidiwa kwa atakayelifungua bila ufunguo. Mmarekani Alfred Charles Hobbs alifaulu mwaka 1851, baada ya kulishughulikia kwa saa 51 hivi zilizogawanyika katika siku 16. Tukio hilo lilizua mjadala: je, kutangaza udhaifu wa kufuli kunawasaidia wezi, au kunawaamsha wenye mali? Hobbs alikuwa upande wa pili.

Kitasa cha silinda chenye ufunguo mdogo bapa, kinachotumika sana hadi leo, kilitokana na hataza za Mmarekani Linus Yale Mdogo za miaka 1861 na 1865.

Jinsi kitasa kinavyofanya kazi

Ndani ya silinda mna pini ndogo za metali zinazosukumwa na springi. Kila pini imegawanyika vipande viwili. Bila ufunguo, pini huzuia sehemu ya ndani ya silinda isizunguke. Ufunguo sahihi huinua kila pini kwa kimo chake, hata migawanyiko yote ikakaa kwenye mstari mmoja. Hapo silinda huzunguka.

Maana yake ni kwamba siri yote ya kitasa imo katika vimo vya meno ya ufunguo. Mtu akiukandamiza ufunguo kwenye sabuni kwa sekunde chache, au akiupiga picha iliyo wazi, anaweza kupata mwingine unaofanana nao. Vilevile fundi hodari anaweza kuziinua pini kwa vifaa vyembamba na kufungua mlango wa kawaida bila kuharibu kitu. Kutoboa kitasa kwa drili huwa njia ya mwisho, hasa kikiwa kimeharibika au ni cha usalama wa juu.

Udanganyifu

Nchini Marekani, Tume ya Biashara ya Shirikisho imewaonya wananchi kuhusu matapeli wanaojitangaza kwa bei ndogo sana. Tapeli akifika, husema kitasa hakifunguki ila kwa kutobolewa, kisha hudai fedha nyingi kuliko zilizotajwa. Mteja aliyefungiwa nje usiku hukubali kwa kuwa hana pa kwenda.

Usimamizi wa kazi hii hutofautiana. Majimbo kadhaa ya Marekani, kama vile California, Illinois na Texas, hudai leseni. Uingereza haina leseni ya serikali kwa kazi hii, ila kuna chama cha Master Locksmiths Association kinachowakagua wanachama wake. Katika Afrika Mashariki wengi hujifunza kwa kukaa na fundi mzoefu, na hufanya kazi kando ya barabara au karibu na masoko. Hapo sifa ya fundi kwa majirani huchukua nafasi ya cheti.

Dalili za fundi mwaminifu

* Ana mahali pa kazi panapojulikana, na watu waliowahi kumtumia wanaweza kumshuhudia.
* Hutaja gharama yote kabla ya kuanza, yaani kazi, vifaa na nauli.
* Humwuliza mteja uthibitisho kuwa nyumba au gari ni lake, kwa mfano kitambulisho, kadi ya gari au ushuhuda wa mwenye nyumba. Maswali hayo si usumbufu: fundi asiyeuliza atamfungulia mtu yeyote.
* Hujaribu kufungua bila kuvunja, na hueleza sababu anapotaka kutoboa.
* Huchonga funguo mbele ya mteja na kurudisha ule wa asili papo hapo.
* Hutoa stakabadhi.

Kinga ya mwenye nyumba

Ni vizuri kumtafuta fundi kabla ya dharura, na kuacha ufunguo wa ziada kwa mtu wa kuaminika. Ufunguo usiachwe kwa fundi mchana kutwa bila uangalizi. Anayehamia nyumba ya kupanga hawezi kujua wapangaji waliotangulia walichonga funguo ngapi. Kwa kukubaliana na mwenye nyumba, anaweza kubadilisha silinda peke yake bila kununua kitasa kizima. Kwenye majengo yenye ufunguo malaya, yaani ule unaofungua milango yote, ni lazima ijulikane daima nani anao, kwa sababu ukipotea, kila mlango uko hatarini.