Mzazi, Wembamba wa Televisheni Usikudanganye
Mzazi, hapa Lokiriama kukonda hutukumbusha ukame. Lakini binti yako anayesoma Lodwar huwatazama waigizaji wembamba kwenye televisheni, na huenda akaanza kukataa chakula kwa hiari. Usicheke. Mkoani Nadroga, nchini Fiji, ambako mwili mnene ulisifiwa, televisheni iliingia mwaka 1995. Kufikia 1998 wasichana 11 katika kila 100 walioulizwa walikiri kujitapisha ili wapungue. Awali hakuwako hata mmoja. Mizani peke yake haitoshi: Waturkana wengi wana miguu mirefu, huonekana wembamba hali wana afya. Chunguza kama anapungua upesi, kama hukimbilia msalani kila amalizapo kula, kama hedhi imekoma. Ukiona hayo, mpeleke zahanati, wala usimkaripie.