Kazi ya Mgeni, Ardhi ya Mwenyeji

Msafiri atokaye Kisumu kwenda Kisii, akisha kuyapita mashamba ya mpunga ya Ahero, hufika Katito, mji mdogo wa soko katika nchi ya Nyakach. Mimi ni mtu wa pwani, lakini naona Katito pana somo juu ya makampuni ya kigeni na wafanyakazi wao, nalo latuhusu hata sisi wa Mombasa.

Mwaka 1999 ulianza ujenzi wa mradi wa umeme wa Sondu-Miriu katika nchi hiyo ya Nyakach. Mwenye mradi ni KenGen, na fedha nyingi zilikopwa Ujapani. Kazi ya kuchimba na kujenga ilishikwa na makampuni matatu yaliyoungana: Konoike ya Ujapani, Veidekke ya Norwei, na Murray & Roberts ya Afrika Kusini. Ilibidi litobolewe handaki la zaidi ya kilomita 6 ili maji ya mto yaifikie mitambo. Hebu tafakari, ndugu msomaji: Mjapani, Mnorwei na Mluo katika kazi moja, na Kiingereza cha kupeana amri si lugha ya mama ya hata mmoja wao!

Walakini mwamba haukuwa mgumu kuliko maneno ya watu. Wenyeji waliotoa ardhi walitaraji kazi, nao wakauliza: Nani anaandikwa, na kwa njia gani? Mbona wengine watoka mbali? Pakazuka na malalamiko ya vumbi na ya fidia ya mashamba. Habari zikavuka bahari zikafika Ujapani.

Mwaka 2001 ikaundwa kamati. Humo waliketi wajumbe wa wananchi, mashirika ya raia, KenGen na wajenzi, wakazungumza juu ya ajira, fidia, mazingira na usalama. Kamati haikumaliza manung'uniko yote, lakini mlalamikaji alipata mahali pa kusema pasipo kupitia kwa nyapara. Kufikia 2008 mitambo ya megawati 60 ilikuwa ikitoa umeme.

Sisi wa pwani twayajua hayo kwa njia ya uchungu. Januari 1947 wafanyakazi wa Mombasa wapatao 15,000 waligoma kwa ajili ya mishahara midogo na makazi mabaya. Bandari ikasimama, na ndipo serikali ilipounda baraza la kupima mishahara yao, nyongeza ikapatikana. Kiongozi wao, Chege Kibachia, alikamatwa mwaka huo huo akapelekwa uhamishoni.

Katito nako baraza lilikuja baada ya kelele. Hapo ndipo wakubwa wa makampuni wakoseapo: huanza na mashine, watu wakawa wa mwisho. Huleta sheria za kazi zilizoandikwa ng'ambo, wakashangaa kwamba mzee wa kijiji hakuzisoma.

Mtume (s.a.w.) ametuusia mwajiriwa apewe ujira wake kabla jasho halijakauka. Dini yetu imetufundisha pia shura, yaani kushauriana katika mambo. Kampuni ilipayo mshahara kwa wakati imetimiza nusu ya haki. Nusu ya pili ni kuwaita watu wakae, wasikizwe, siku ya kwanza, kabla ya jembe kugusa ardhi.