Bunduki ya Ishirini na Mbili Yenye Sura ya Vita

Jioni mtaani Nyarutarama, Kigali, wakimbiaji wakirejea kutoka ziwani karibu na uwanja wa gofu, doria ya wanajeshi hupita kando ya barabara, mmoja nyuma ya mwingine, bunduki vifuani. "Mwiriwe," watu husalimia, nao huitikia. Hakuna anayeshtuka. Hapa Kigali umbo la bunduki zile za vita lina mwenyewe, na kila mkazi anamjua.

Nilishtuka mimi, siku rafiki aishiye Uingereza, akiwa ziarani hapa Kigali, aliponionyesha kwenye simu picha yake ameshika kitu nilichodhani ni M16.

"Si ya vita," akasema. "Ni ya ishirini na mbili, ya kulenga shabaha tu."

Alisema kweli. Risasi ya .22 Long Rifle ipo tangu 1887. Kiwashio cha baruti yake kimo kwenye ukingo wa kitako cha ganda, na pini ya bunduki hugonga ukingo huo badala ya katikati. Ganda lenyewe ni jembamba, halihimili nguvu kubwa. Kichwa cha risasi kina gramu 2.6 hivi, theluthi ya kile cha AK-47. Bei yake nafuu, bega haliumii, na wengi hujifunzia hiyo. Lakini inaua.

Sura ndiyo imeazimwa. Smith & Wesson walitoa M&P15-22 mwaka 2009, kwa macho ndugu wa M16. German Sport Guns waliunda GSG-5 ikafanana mno na bunduki ya kijeshi MP5; waundaji wa MP5, Heckler & Koch wakaenda mahakamani, na umbo likabadilishwa. Nchini Uingereza, baada ya mauaji ya Hungerford ya 1987, sheria ya 1988 iliwazuia raia kumiliki raifo zinazojipakia risasi zenyewe, isipokuwa za .22. Wapenda umbo la kijeshi wakahamia huko.

Kwetu mlango huo haukuachwa wazi. Itifaki ya Nairobi ya 21 Aprili 2004, ambayo Rwanda iliitia saini, inataka raia wasimiliki kabisa raifo zinazojipakia zenyewe. Naiunga mkono, tena kwa sababu iliyo nje ya maandishi yake. Sheria hupima mtambo. Mtu gizani hupima umbo. Kule Cleveland, Novemba 2014, Tamir Rice, mtoto wa miaka 12, alikuwa na bastola ya kuchezea ya vidonge vya plastiki. Polisi alimpiga risasi sekunde mbili hivi baada ya kufika. Na mtu aliyeyaona mauaji ya kimbari ya 1994 kwa macho yake, nani atamwomba ahesabu gramu?

Rafiki aliniuliza kama nikimtembelea Uingereza ningependa kuijaribu bunduki yake. Nilimwomba twende kwanza Kimihurura, mwendo mfupi kwa gari, akaone kuta za Bunge ambazo bado zina makovu ya risasi na mizinga ya mwaka ule. Tulisimama pale hadi taa za barabarani zikawaka. Simu haikutoka tena mfukoni.