Kipande cha Tairi Kinachoshusha Chakula cha Goma

Mgeni akiiona chukudu kwa mara ya kwanza, macho yake huenda kwenye mzigo. Magunia ya makaa yamepangwa hadi usawa wa kifua, au mbao zimefungwa kwa mikanda ya mpira, na nyuma yake kijana amepiga goti moja juu ya ubao huku mguu wa pili ukisukuma ardhi. Mgeni atauliza uzito, atauliza nauli, atapiga picha. Kipande cha tairi kilichopigiliwa juu ya gurudumu la nyuma hakioni, na akikiona hudhani ni madigadi ya kuzuia matope. Hiyo ndiyo breki: hukanyagwa kwa mguu ikabana gurudumu. Bila hiyo magunia yale yasingefika mtaa wa Mugunga, au yangefika bila mwenyewe.

Kwa asiyeijua, chukudu ni skuta ya mbao. Mwili wake ni ubao mrefu wa mti mgumu, kwa kawaida mkaratusi, na urefu wake ni kama mita mbili. Ina magurudumu mawili ya mbao yaliyovishwa ukanda wa tairi kuukuu, beringi kwenye vitovu na usukani wa mbao mbele. Ilizaliwa Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo, katika miaka ya 1970, wakati nchi ikiitwa Zaire na uchumi wake chini ya Mobutu ulipoanza kubomoka na magari yakawa ya wachache. Ya wastani hubeba kilo 400 hivi. Kubwa zaidi husemwa kufika kilo 800. Mwaka 2009 Rais Joseph Kabila alizindua sanamu ya rangi ya dhahabu katikati ya Goma, mtu na chukudu yake, na tangu hapo chombo hiki kimekuwa nembo ya mji. Sanamu ile inasifu misuli. Mimi naona nusu nzima ya sifa hizo ilipaswa kwenda kwa kile kipande cha mpira.

Sababu ni umbo la nchi yenyewe. Goma imekaa ukingoni mwa Ziwa Kivu, karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na mashamba yanayoilisha yako juu yake. Viazi, kabichi na karoti hutoka upande wa Kibumba, kilomita 25 hivi kaskazini. Makaa hutoka kwenye misitu iliyo chini ya volkano za Nyiragongo na Nyamulagira, mengi yakiwa yamechomwa ndani ya Hifadhi ya Virunga kinyume cha sheria. Mugunga, mtaa wa mwisho wa mji upande wa magharibi, uko mahali ambapo barabara ya Sake inaingia Goma na njia za kutoka Rusayo zinateremka kutoka miguuni mwa volkano. Mzigo unashuka, mtu anarudi juu akiisukuma chukudu tupu. Mvutano wa dunia ndio injini ya biashara hii, na injini hiyo haina swichi ya kuzima.

Ukigawanya kimo cha njia ya Kibumba kwa urefu wake, utasema mteremko wenyewe ni mdogo, mita moja au zaidi kidogo kwa kila mita 100, na sehemu kubwa ya njia mtu atalazimika kusukuma. Lakini barabara haishuki kwa wastani. Kuna mahali ni tambarare, halafu ghafla inachomoka chini mbele yako, na mawe ya lava yamejitokeza kila upande. Kwenye vichochoro vya Mugunga, ambako nyumba zimejengwa juu ya lava ya kale iliyoganda kwa mawimbi, mtu hupanda na kushuka mara kadhaa kabla ya kufika barabara kubwa.

Katika nchi nyingine kazi hii ilifanywa na farasi. Hapa farasi hakuwahi kuwa mtu wa kazi. Mbung'o na ugonjwa wa malale ya mifugo, pamoja na tauni ya farasi ya Afrika, viliwazuia wanyama hao kuenea katika sehemu kubwa ya ukanda wa tropiki, na mizigo ikabaki mabegani mwa wapagazi hadi reli na malori vilipokuja. Ng'ombe wa Masisi wapo, tena wengi, lakini hutoa maziwa na ile jibini ambayo kila aliyefika Goma huifungasha kuwapelekea wa nyumbani, hawafungwi nira. Kwa hiyo tatizo lililowatesa wenye magari ya farasi kwa karne nyingi lilimfikia mtu wa Kivu moja kwa moja, bila mnyama katikati.

Tatizo lenyewe ni hili. Kupanda mlima ni suala la nguvu, na nguvu zikipungua unapumzika. Kushuka hakuna kupumzika. Gari la farasi lenye tani tatu likianza kuteremka, linawasukuma farasi wenyewe. Mnyama alikuwa akivuta. Sasa anakimbizwa na mzigo wake, nguzo ya kati inamgonga, anaogopa, anakimbia zaidi. Dawa ya kwanza ilikuwa mkanda mpana wa ngozi unaopita nyuma ya mapaja, ambao farasi huukalia, kama ni neno sahihi, akasukumana na gari kurudi nyuma. Kwa gari dogo mkanda huo ulitosha. Kwa gari kubwa haukutosha hata kidogo.

Dawa ya pili ilikuwa kulifunga gurudumu la nyuma kwa mnyororo lisizunguke kabisa, likaburuzika. Gari lilipungua mwendo kweli, lakini gurudumu liliburuzika sehemu ileile moja na ukingo wake wa chuma ukaliwa hadi ukawa bapa. Ndipo mafundi wa Ulaya wakatumia kiatu cha chuma: bamba lenye kingo mbili, limefungwa kwa mnyororo kwenye mwili wa gari, likiwekwa mbele ya gurudumu ili gurudumu lipande juu yake na kuteleza nalo. Kinacholika ni kiatu, gurudumu linapona. Kasoro yake ni kwamba huwezi kukivalisha gari likiwa mbioni. Ilibidi kusimama juu kabisa kwenye ukingo wa mteremko, kushuka, kukiweka, kisha kuanza; na chini, kusimama tena kukivua.

Breki ya tatu ndiyo jamaa wa karibu wa ile ya Mugunga. Gogo la mbao lilikandamizwa kwenye ukingo wa gurudumu kwa mtaimbo mrefu uliovutwa kwa mkono au kukanyagwa kwa mguu. Magari makubwa ya Conestoga, yaliyosafirisha shehena Pennsylvania, Marekani, tangu karne ya 18, yalikuwa na mtaimbo huo upande wa kushoto, na mwendeshaji alitembea au kukaa upande huohuo ili aufikie. Mbao ikisuguana na chuma huungua na kulainika, kwa hiyo madereva walipigilia ngozi ya viatu vikuukuu juu ya gogo. Kiatu kilichochoka kuvaliwa kilipata kazi ya pili kwenye breki. Goma haikuhitaji kufundishwa hilo: kandambili iliyokatika huishia kwenye ubao wa chukudu, pale goti linapotua.

Pale ambapo breki zote zilishindwa, watu waliburuza msitu. Makaburu waliovuka milima ya Drakensberg kwa magari ya ng'ombe mwaka 1837 walifunga matawi na magogo nyuma ya magari, na penye ubaya zaidi wakavua magurudumu ya nyuma ili gari likwaruze ardhi. Jamaa zao waliopanda kutoka Nakuru kwenda Uasin Gishu mwaka 1908 walikuja na magari ya aina hiyohiyo.

Turudi kwenye chukudu, tupige hesabu kidogo. Chukudu, mzigo na mwenyewe vikiwa na kilo 400 kwenye mteremko wa mita 10 kwa kila mita 100, uzito unaovuta kwenda chini ni kilo 40. Mwenye chukudu ana kilo 65, tuseme. Akisimama na uzito wake wote juu ya kipande cha tairi, na mpira mkavu ukashika mpira mwenzake kwa sehemu sita za kumi za uzito huo, anapata kilo 39 za kuzuia. Msuguano wa gurudumu la mbao kwenye njia mbovu unaongeza kilo chache. Ametoka sare, na ziada yake ni ndogo. Ongeza gunia moja la makaa, au mvua inyeshe, na hesabu inamgeukia. Kwa maneno mengine, mzigo wa chukudu hauamuliwi na nguvu ya kusukuma. Unaamuliwa na uwezo wa kusimama.

Ndiyo maana waendeshaji wazoefu hawasubiri mwendo uwe mkali. Hukanyaga mapema, wakiwa bado polepole, kama mwenye gari la farasi alivyosimama juu ya kilele kuvalisha kiatu. Breki ya namna hii ina uwezo wa kuzuia mwendo usizaliwe. Kuuua ukishakua ni jambo jingine. Mvua ikinyesha, na Goma hunyesha sana, maji na vumbi jeusi la lava huwa uji kati ya mpira na mpira, na mguu unakanyaga bila majibu. Hapo mguu wa pili hushushwa chini kuburuzwa, na kwenye mizigo mikubwa mwenzake hushika kwa nyuma. Kupanda nako kuna breki yake: ukisimama kupumua, jiwe nyuma ya gurudumu. Mawe, Mugunga haijawahi kuyakosa.

Wahamali wa Nairobi wana ujanja wao. Mkokoteni wao wa magurudumu mawili hupigiliwa vipande vya tairi kwenye mkia, na mvutaji akitaka kupunguza mwendo huinua mikono juu ili mkia ushuke na kukwaruza lami. Uzito wa mzigo wenyewe ndio unaokandamiza, si uzito wa mtu, na hilo ni wazo bora kuliko la chukudu. Wanaosahaulika ni punda. Mikokoteni mingi ya punda Afrika Mashariki haina breki wala ule mkanda wa nyuma wa ngozi. Mteremko ukifika, mzigo mzima unamwangukia mnyama shingoni na mgongoni, na wanaomwona akiteleza humwita mkaidi.

Huko Mugunga, mizigo haijawahi kuwa ya chakula tu. Mwaka 1994 kambi kubwa ya wakimbizi wa Rwanda ilisimama hapa hadi ilipovunjwa Novemba 1996, kisha zikaja kambi za wakimbizi wa ndani, moja baada ya nyingine, kila vita ilipowaka Masisi au Rutshuru. Mei 2024 mabomu yaliwaangukia watu waliokuwa ndani ya kambi hizo. Baada ya waasi wa M23 kuuteka mji mwishoni mwa Januari 2025, wakimbizi waliambiwa warudi makwao, na Februari maturubai yakang'olewa kwa haraka. Kwenye barabara ya Sake chukudu zilibeba magodoro, masufuria, mbao za vibanda na watoto waliokaa juu ya vyote. Mtoto akikaa juu ya mzigo, hesabu ile ya kilo 39 na kilo 40 husomeka kwa sauti nyingine.

Je, breki hii inaweza kuboreshwa? Kwa nadharia, ndiyo, tena bila kununua chochote. Mtaimbo wa mbao wa mita moja, ukiegemezwa vizuri kama ule wa Conestoga, ungezidisha nguvu ya mguu mara tatu au nne. Gurudumu la nyuma limebeba zaidi ya nusu ya mzigo, kwa hiyo lina uwezo wa kuishika ardhi kuliko kipande cha tairi kinavyolitumia sasa. Nimekaa na wazo hili nikilipenda, mpaka nilipofikiria nini hutokea gurudumu likifungika kabisa juu ya changarawe ya lava. Chombo cha magurudumu mawili hakiburuziki kwa utulivu kama gari la magurudumu manne. Mkia hukimbilia pembeni, na magunia hufuata. Halafu kuna suala la yule aliyegundua kiatu cha chuma: nini kiliwe? Ukanda wa tairi unaolivisha gurudumu umepigiliwa misumari, na kuburuzwa mahali pamoja kungeuchana kwa safari chache. Kuvisha gurudumu upya kunamlaza mtu bila kazi, na chukudu isiyotembea haileti unga nyumbani. Kipande cha breki kikiisha, hubanduliwa kando ya barabara, kingine hukatwa kwa kisu kutoka kwenye tairi la lori, misumari michache, na safari inaendelea kabla soko halijafungwa.