Ndoo Moja kwa Watu Kumi: Somo la Udhu Kando ya Mtera

Alhamdulillah, siku ya nne na ya mwisho ya safari yetu ilitukuta ufukweni mwa bwawa la Mtera, mpakani mwa Iringa na Dodoma. Tulikuwa watu kumi, vijana wa msikiti pamoja na sisi viongozi wao. Kwa siku tatu tuliufuata Mto Ruaha Mkuu kwa gari, tangu mashamba ya mpunga ya Mbarali, mkoani Mbeya, hadi nchi kavu ya mibuyu na miiba. Siku ya mwisho tuliiweka kwa makasia, katika mitumbwi ya wavuvi.

Kabla ya Alfajiri, kijana mmoja alishika tochi ateremke majini kutawadha. Mzee mvuvi, nahodha wetu, akamzuia.

"Rudi, mwanangu. Mamba hapigi hodi."

Akasimama juu ya jiwe, akateremsha ndoo ya lita kumi kwa kamba, akaivuta. "Hii ndiyo ya wote," akasema.

Tulitazamana. Mbele yetu maji yametanda hadi upeo wa macho, nasi tunapimiwa kwa kopo! Tulitawadha mmoja baada ya mwingine, viungo vyote vikaenea, na ndoo ikabaki na maji.

Jua lilipopanda tulianza kupiga kasia. Upepo ukainuka, vijana wakataka tukate katikati ya bwawa ili tuwahi. Mzee akakataa, akatupitisha kandokando. Tulifika Adhuhuri, viganja vimechubuka, na kwa udhu tukapewa tena ndoo moja. Safari hii hakuna aliyeuliza.

Imepokewa na Bukhari na Muslim, kutoka kwa Anas bin Malik (RA), kwamba Mtume (SAW) alikuwa akitawadha kwa mudi moja ya maji. Mudi ni ujazo wa viganja viwili vilivyounganishwa, chini ya lita moja. Hadithi hiyo tuliisoma chuoni na kuihifadhi. Mtera ndipo tulipoitenda.

Wala jambo hili si la udhu peke yake. Tangu miaka ya 1990 mwanzoni, Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha, kwa kuwa maji mengi huchukuliwa juu, katika bonde la Usangu. Mto huo huo ndio unaojaza Mtera, na maji ya Mtera huzungusha mitambo ya umeme ya hapo, megawati 80, kisha ya Kidatu, megawati 204. Anayefungulia maji juu bila kipimo humnyima ndugu yake wa chini asiyemwona.

Tuliporudi tulikuta bomba la msikiti wetu likimwagika, na mtu akizungumza huku anaosha miguu. Tuliona haya, kwani nasi tulikuwa hivyo hivyo wiki moja kabla. Kamati imeafiki kuweka birika kando ya mabomba. Nanyi wazazi, mpeni mtoto kopo moja nyumbani, mumtazame akitawadha. Litamtosha, inshaallah.